Swali la Digrii ya Pili

Kitale,
17 Februari 2025

Kwa Wamboi, mtoto wa kaka yangu, mwenye jina la mama yangu,

Habari za Bungoma? Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Baba yako nyonga inamsumbua na amekatazwa jembe, kwa hiyo siku hizi analima kwa macho: anasimama mpakani na kuwakosoa wanaolima. Daktari anataka apigwe picha, yeye anataka kwanza mvua inyeshe. Ng'ombe wangu mwekundu amezaa dume, yaani hajanisaidia kitu. Shamba liko tayari, tunangoja Machi.

Utashangaa kupata karatasi. Simu nimeiogopa tangu ujumbe niliomtumia binamu yako peke yake ukasomwa na ukoo mzima kwenye lile kundi, mpaka na watu ambao sijui tumeungana nao wapi. Adow mwenye duka hapa sokoni anakuja huko na pikapu yake kuchukua bidhaa. Si mtu wa kufungua kitu cha mwenzake. Ukijibu, mpe yeye.

Nina swali. Mtu akitafutiwa kazi ya kuwa mkuu wa kompyuta mahali pakubwa, si fundi wa kuunganisha waya, mkuu kabisa, ni lazima awe na digrii ya pili? Na gredi za chuo kikuu je? Aliyepata daraja la kwanza na aliyepata la pili sehemu ya chini, baada ya miaka kumi kazini bado wana tofauti? Nijibu kama mtu wa kazi hiyo, si kama mtu wa nyumbani. Usiniulize kwa nini nauliza.

Unajua nilifundisha hesabu mpaka nikastaafu. Jibu tupu silipi alama zote. Onyesha njia.

Jambo lingine. Zamani barua pepe zako kwa baba yako zilikuwa na cheo chini ya jina: Kaimu Mkuu wa Mifumo. Siku hizi anasema kuna jina tu. Nimeliona, nikanyamaza, na sasa nimechoka kunyamaza.

Shangazi yako,
Nyaruai


Bungoma,
9 Machi 2025

Tata Nyaruai,

Pole na dume. Mwambie baba aende akapigwe picha, mvua haitamngoja yeye. Mimi niko salama. Mwenye nyumba wangu, Mama Khairunisa, amefunga Ramadhani na kila jioni muadhini akimaliza ananiletea sambusa na uji wa pilipili manga. Nimeona haya kula vya bure, nimefunga siku mbili ili nami nistahili.

Jibu ni hapana. Si lazima.

Njia ni hii. Kampuni yetu inawapa wakulima mbegu na mbolea kwa mkopo, na kila kitu kinapita kwenye mfumo wetu. Msimu uliopita, asubuhi ya kugawa mbegu Sirisia, mfumo ulikataa kutambua namba za wakulima. Watu wamepanga foleni, magunia yako kwenye lori, mawakala wanapiga simu mpaka sauti zimekauka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani hapa alipata daraja la kwanza. Waliuliza nani anajua tatizo liko wapi, na kwa sauti ya mtu anayetaka kupiga mtu. Mkuu ni yule anayejua amtume nani aangalie nini, na awaambie wakuu wa kampuni ukweli kabla hawajausikia kwingine. Hayo sikufundishwa darasani na simjui aliyefundishwa.

Gredi ni picha ya mtu akiwa na miaka ishirini na mbili. Mimi sasa nina thelathini na tano. Wanaosisitiza digrii ya pili mara nyingi ni watu wasioweza kupima kazi yenyewe, basi wanapima karatasi. Ukisikia kamati yoyote inaitaka, uliza kwanza ni nani kati yao ana mtoto aliyeipata.

Sasa nami nauliza ingawa umenikataza. Nani amekutuma? Kama ni ule mpango wako na baba wa kunirudisha darasani, useme wazi, usiuzungushe kwa maswali.

Cheo nilikiondoa kwa sababu mtandao umejaa matapeli. Wanapenda sana watu wenye vyeo.

Wako,
Wamboi


Kitale,
6 Aprili 2025

Wamboi,

Mvua imekuja, tumepanda. Baba yako bado hajapigwa picha, sasa anangoja mahindi yaote. Mpe Mama Khairunisa salamu za Idi iliyopita, na umwambie ukifunga tena anipigie niamini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Njia nimeiona na ni njia nzuri. Lakini ulikandamiza kalamu. Kwenye lile neno "karatasi" umetoboa mpaka ukurasa wa nyuma. Mimi nimesahihisha maandishi ya watoto maisha yangu yote, na mtu anayesema jambo halina maana huwa anaandika polepole. Na ile ya matapeli nakupa sifuri.

Hata hivyo barua imefanya kazi. Ile sehemu ya Sirisia na ile ya kamati nimezisoma mbele ya watu waliozihitaji. Jina lako sikulitaja, nilisema ni mtaalamu mmoja wa Bungoma. Kulikuwa na mtu ambaye tangu mwanzo nilimshuku, na nilipofika pale uliposema "uliza ni nani ana mtoto aliyeipata", aliangalia dirishani. Wengine wote wakamwangalia yeye. Mambo yakaenda nilivyotaka. Zaidi ya hapo mdomo wangu umefungwa, na si kwa kupenda kwangu.

Sasa nijibu swali ambalo umeliruka. Ulikuwa kaimu kwa miaka miwili. Kiti hicho leo kimekaliwa na nani?

Shangazi yako,
Nyaruai


Kitale,
8 Juni 2025

Wamboi,

Natumaini uko salama. Baba yako amepigwa picha mwezi uliopita, ni mfupa umelika, amepewa dawa na fimbo. Fimbo ameichukia. Mahindi yamefika magotini.

Hukujibu barua yangu ya Aprili. Nilidhani umekasirika. Sasa sijui nidhani nini, kwa hiyo nitaandika nilichokiona na wewe utaniambia nimekosea wapi.

Unajua mimi ni mjumbe wa kamati ya chama chetu cha ushirika cha maziwa, ulijua siku nilipochaguliwa, ulinitumia kitenge. Kiplimo, mkuu wetu wa kompyuta, amepata kazi Eldoret. Tulipokaa kuandika tangazo, mjumbe mmoja alitaka tuweke digrii ya pili na daraja la juu, na kila mtu alijua ana kijana wa ndugu yake aliyerudi na digrii hiyo. Ndiyo nikakuandikia. Barua yako ndiyo iliyoliua sharti lile. Niliisoma kwa mdomo wangu.

Juzi tumefungua bahasha za waombaji. Chepkosgei, mwenyekiti wetu, alikuwa anasoma majina kwa sauti. Ya nne ilikuwa yako. "Wamboi Kinyua, Bungoma, digrii ya kwanza, daraja la pili sehemu ya chini, miaka kumi na mmoja ya kazi." Akasema, huyu ana kazi nzuri. Hakuna aliyeniangalia, maana mimi hapa najulikana kwa jina la marehemu mume wangu. Nilitazama kikombe changu cha chai mpaka kikapoa.

Halafu ikasomwa sehemu ya chuo. Umesoma darasa moja na Kiplimo.

Basi piga hesabu nami. Ulijua niko kwenye kamati. Una rafiki aliyejua anaondoka. Ukaletewa swali kuhusu digrii ya mkuu wa kompyuta, ukajibu kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Sharti likaondolewa, ukaomba kazi. Niambie jumla yake ni ngapi.

Kamati inakutana tena mwisho wa mwezi. Nikinyamaza, unaweza kupata kazi hii na ukarudi nyumbani. Nikisema, sijui kitakachobaki. Nataka maneno yako kabla ya siku hiyo.

Nyaruai


Bungoma,
13 Juni 2025

Tata,

Nashukuru kwa habari za baba. Nimempigia, ananiambia fimbo ni ya wazee.

Nilikujibu tarehe 11 Mei. Barua nilimpa Adow mkononi, mbele ya Mama Khairunisa. Baadaye nilisikia gia ya pikapu yake ilivunjika kule Lwakhakha na akakaa huko akingoja kipuri, lakini nilidhani amekwisha kufika Kitale zamani. Kama haijakufikia, muulize yeye.

Niliandika kwamba nimeona tangazo lenu. Kwamba nataka kuomba. Kwamba kama utakuwa kati ya watakaochagua, uniambie nisiombe. Nilingoja mpaka siku ya mwisho ya tangazo. Hukujibu, nikasema basi kimya chako ni ruhusa.

Kiplimo aliniambia Februari kwamba anaondoka. Hilo ni kweli. Kwamba mnabishana juu ya digrii, hakuniambia na nadhani hata yeye hakujua.

Utauliza iweje nisielewe swali lako lilikuwa la chama. Nitakwambia, ingawa sikutaka ulijue. Mwezi huo huo uliponiandikia ndipo walipomleta Salman. Ana digrii ya pili na daraja la kwanza. Nilikuwa kaimu miaka miwili, nikaitwa ofisini nikaambiwa bodi inataka mtu mwenye sifa kamili, kisha nikaombwa nimwonyeshe kazi. Nikamwonyesha. Wiki hiyo ikaja barua yako inayouliza kama digrii ya pili ni lazima. Tata, nilidhani umejua. Nilidhani baba amesikia mahali, na wewe umeamua kunipiga polepole kwa maswali ya darasani. Ndiyo maana kalamu ilitoboa. Sikuwa nakujibu wewe, nilikuwa nawajibu wao.

Na kwa kuwa tunapiga hesabu, yako nayo iko wapi? Ulinichota maneno bila kuniambia unayapeleka wapi. Ungeniambia neno moja tu, chama, nisingeandika hata mstari. Wewe ndiye uliyefunga mdomo wako, kisha sasa unanishuku mimi kwa sababu ya kilichotokea gizani.

Sema unalotaka kwenye kamati yako.

Wamboi


Kitale,
30 Juni 2025

Wamboi,

Barua yako ya Mei imefika. Adow aliileta baada ya Idi kubwa, siku mbili baada ya ile ya Juni uliyoituma kwa matatu. Imekunjika na ina harufu ya mafuta ya taa. Ina maneno yale yale uliyosema ina. Hata umeuliza kama baba yako amepata siku ya kupigwa picha.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nimeketi nayo kwa muda mrefu nikiwaza kwamba tarehe huandikwa kwa mkono, na mkono ni wa mwandishi. Kwamba barua inaweza kuandikwa leo ikauliza habari za jana. Sijivunii mawazo haya. Ndiyo niliyonayo, nawe hutaki niseme uongo.

Sijamuuliza Adow. Akisema aliipokea Mei, nitakuwa nimekuonea. Akisema hapana, nitakuwa nimekupoteza. Kila siku napita mbele ya duka lake kana kwamba nina haraka.

Kwenye kamati nilisimama kabla chai haijamiminwa. Nikasema mtaalamu wa Bungoma ni mtoto wa kaka yangu na ndiye bahasha ya nne. Nilisema hukujua barua itasomwa. Kama ninaamini hilo au siamini, sikuwaambia. Yule mjumbe wa dirishani hakuangalia dirisha tena, alicheka mpaka akatoa kitambaa. Alisema wazi kwamba nimetengeneza mlango kwa kipimo cha mpwa wangu. Chepkosgei hakucheka. Aliniambia, "Mwalimu, si ungetuambia tu mapema, bana."

Wamerudisha sharti la digrii ya pili. Tangazo litatoka upya. Nimetolewa kwenye jopo la mahojiano na nimebaki mjumbe wa jina.

Kwa hiyo hutarudi nyumbani kwa kazi hii, na ni mimi niliyeifunga. Nakwambia mwenyewe ili usiambiwe na Kiplimo. Imeniuma, na bado inaniuma ninapoandika.

Nyaruai


Bungoma,
20 Julai 2025

Tata,

Nimepata barua yako. Tu wazima huku. Mvua ni nyingi na umeme unakatika.

Ulifanya ulilopaswa kufanya. Lakini unasema ulifunga mlango kwa ajili ya haki, na wakati huo huo huamini nilikuwa msafi. Basi ulinihukumu mara mbili, mara ya kwanza mbele yao na ya pili kwenye karatasi. Ya pili ndiyo mbaya.

Nisalimie baba.

Wamboi


Kitale,
14 Septemba 2025

Mpendwa Wamboi,

Najua hukutarajia barua, nami sikutarajia kuandika. Baba yako sasa anatembea na fimbo na anadai ni ya kufukuzia mbwa. Mahindi yameanza kukauka, wanawake wa mtaa wa Kipsongo wameshakuja kuulizia kazi ya kuvuna. Yule dume nimemuuza.

Nitakwambia jambo na nitalisema lote, maana nimejifunza. Waombaji wa tangazo la pili wamesomwa. Kijana wa yule mjumbe hata kuomba hakuomba, eti amepata kazi ya ubalozi. Walioomba wana digrii ya pili wote, na mmoja ni Salman, mkuu wa mifumo wa kampuni ya mbegu, Bungoma. Ndiye bosi wako. Sikuwepo, lakini Chepkosgei alinieleza kwa sababu ya kitu kimoja: Salman ameandika jina lako kama mtu anayeweza kueleza kazi yake.

Sijui kama alijua wewe ni nani kwetu. Nilimshuku, kisha nikajishuku mimi kwa kushuku kila mtu. Chama kitakuandikia rasmi wiki hii. Chepkosgei alitaka kuliruka jina lako. Baadaye akasema hapana, aulizwe kama watu wengine wote, na aseme atakachosema.

Sikwambii uandike nini. Sitakuwa chumbani ikisomwa. Nimekuandikia ili tu safari hii ujue mapema maneno yako yanakwenda wapi.

Shangazi yako,
Nyaruai


Bungoma,
28 Septemba 2025

Tata Nyaruai,

Barua ya chama ilifika siku tatu baada ya yako. Asante kwa kuniwahisha.

Nitakwambia ukweli, nilipoona jina la Salman nilidhani ni mtego. Nikamfuata ofisini nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Wewe ndiye unajua nilichokosea. Hao wengine watanisifu tu, na mtu akisifiwa tu si watashuku?" Hakujua habari za kamati wala zako. Au ndivyo alivyosema. Unaona, ugonjwa wako umenipata.

Nilikaa na fomu yao wiki nzima. Nikimsifu, mtu atasema namsukuma aondoke nirudie kiti chake. Nikimponda, mtu atasema ni kijicho cha aliyerukwa. Hakuna neno ambalo ningeliandika likaonekana safi. Mwishowe nikaanza kwa yale ambayo mwezi wa Machi sikuyasema na wewe hukuyasema. Mstari wa kwanza niliandika hivi: Mimi ni mpwa wa mjumbe wenu. Niliomba kazi hii nikakataliwa. Bwana huyu akiondoka, huenda kiti chake kikawa changu. Someni yafuatayo mkijua hayo.

Halafu nikaeleza siku moja tu. Agosti, mfumo uliwaandikia wakulima wengine mkopo mara mbili. Mimi nilitaka turekebishe namba palepale, nimeshafanya hivyo mara nyingi. Salman alinizuia. Alisema tukifuta kabla hatujajua ilianzia wapi, tutafuta na njia ya kuipata. Nilikasirika. Tulitafuta siku nzima, ikaonekana si mfumo wetu, ni simu za mawakala zilizokuwa zinatuma kila kitu mara mbili mtandao ukiwa mbaya. Ningerekebisha namba, kesho yake zingeharibika tena. Nilimuuliza alijuaje. Akasema hakujua, ila utafiti wake wa digrii ya pili ulikuwa juu ya makosa ya namna hiyo na alishawahi kuumia kwa haraka.

Niliandika pia kwamba hajui kuzungumza na wakulima, anawaandikia kurasa sita mahali pa kupiga simu. Na kwamba mwezi wa kwanza asingepita bila mimi na vijana wa ofisini. Vyote ni kweli. Nikamaliza: anafaa.

Sasa swali lako la Februari, acha nilijibu tena, kwa mkono usiokandamiza. Digrii ya pili ilimfungulia Salman mlango ambao mimi nilifungiwa. Hilo ni jambo kubwa na nilikudanganya niliposema si kitu. Kuna alichokipata huko ambacho kilituokoa Agosti. Kuna nilichokipata Sirisia ambacho hana mpaka leo. Ndani ya chumba tuko sawa, leo yeye mbele, kesho mimi. Ila wanaotulipa hawako ndani ya chumba. Wako mlangoni, na mlangoni wanaangalia karatasi. Nimechukua fomu za chuo. Sijazijaza. Sijui kama nitafanya kwa kuamini au kwa kuchoka kugonga, na mpaka nijue sitaki uniulize.

Kuhusu barua ya Mei, nimekwisha kusema. Sina njia nyingine ya kuonyesha.

Wako,
Wamboi


Kitale,
23 Novemba 2025

Mpendwa Wamboi, mwenye jina la mama yangu,

Tumevuna. Ghala limejaa na baba yako amehesabu magunia kwa fimbo, akigonga moja moja, sasa anaipenda. Tunakungoja Krismasi. Mlete na Mama Khairunisa akitaka kuona baridi ya kweli.

Salman ameanza kazi. Asubuhi ya kwanza aliomba apelekwe kwenye kituo cha kupimia maziwa, akasimama hapo na shati jeupe akiwaandikia wakulima maelezo marefu. Wakulima wamempa jina, Bwana Kurasa. Chepkosgei anasema atazoea.

Barua yako kwa kamati sikuisoma na sikuomba kuisoma. Chepkosgei aliniambia mambo mawili tu. Kwamba mstari wa kwanza ulipomalizika waliomba usomwe tena, na kwamba yule mjumbe aliuliza, "Huyu si ndiye yule tulimkataa?" Wakaendelea kusoma. Nilipita nyuma ya zizi nikalia kidogo, kisha nikakamua.

Nasikia uko kwenye kiti tena, na ni kaimu tena. Sikuulizi juu ya fomu za chuo. Ukizijaza, nitafurahi. Usipozijaza, nitakaa kimya, na unajua hilo kwangu ni kazi nzito kuliko kuvuna.

Jana Adow aliniletea mchele mpaka nyumbani. Nilikuwa nimeacha kupita dukani kwake, na nadhani alijua. Aliweka gunia chini, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, ile barua ya msichana wenu, ile ilikaa na mimi wakati gari iliharibika..."

Nikamkatiza. Nikamwambia aingie ndani anywe chai kwanza. Akaingia, akanywa vikombe viwili, tukaongea habari ya bei ya sukari. Alipoinuka alianza tena, "Kuhusu ile barua," nikamwambia ya barua nimeyamaliza na mpwa wangu, asafiri salama.

Watoto wengi nimewanyima alama kwa kuleta jibu bila njia. Lako nimelipokea hivyo hivyo. Sijamuuliza, Wamboi, na sitamuuliza.

Shangazi yako,
Nyaruai